Nani Kabomoa?

Kwa muda wa miezi mitano, mwaka 2024, nilikuwa na mwanafunzi mmoja tu, naye alikuwa binti wa Kikorea. Alikuja Ifakara kwa shughuli za afya, kama wajavyo wageni wengi tangu Mswisi Rudolf Geigy alipoweka hapa maabara yake mwaka 1957, akapanga chumba Lipangalala, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Alitaka nimfundishe Kiswahili. Ada aliyoitaja niliikataa, wala si kwa ukarimu: nilitaka anilipe kwa kunisemesha lugha yake, ambayo hadi wakati huo sikupata kuisikia ila kwenye tamthilia za televisheni ambazo wajukuu wa jirani huzitazama hata chakula kikaungua.

Baada ya wiki mbili akaja na daftari la pili. Kwao, alinieleza, mtihani wa Kiingereza hukaa mbele ya mlango wa kazi kama bawabu, na yeye alikuwa akingojewa na bawabu huyo pindi akirejea. "Mwalimu," akaniambia, "naomba unisahihishie na hili."

Hapa sina budi nikiri kwa msomaji kwamba Kiingereza changu hakikupitia skuli. Nilimaliza darasa la saba, nikavuka bahari kwenda Unguja kutafuta riziki, nikachukua mizigo bandarini Malindi, na jioni moja pale Darajani nikanunua kwa muuza vitabu vikuukuu kamusi ya Frederick Johnson, ile ya Kiingereza kwa Kiswahili iliyotoka mwaka 1939. Ilikuwa imekwisha kupoteza jalada, kurasa zote za herufi A na nusu ya kurasa za B. Mpaka leo maneno ya Kiingereza yanayoanza na A huyaendea kwa woga, kama mtu apitaye penye nyumba ya mdai wake. Kwa kamusi hiyo na redio nimefasiri mashairi, barua za mapenzi za watu wengine, maelezo ya dawa za mifugo, na mara moja hati ya talaka.

Nikalifungua daftari la binti yule. Ukurasa wa kwanza ulihusu mafuriko, kwani ndiyo yaliyokuwa midomoni mwa kila mtu, na sentensi ya tatu ilisema: "The house destroyed in the flood." Nikachukua kalamu nyekundu. Nikatia "was" katikati, kwa mwandiko wa mtu anayejua. Akaitazama ile alama, kisha akaniuliza swali ambalo Johnson hakunitayarishia.

"Kwa nini, Mwalimu? Kikombe kinaweza kuvunjika chenyewe kwa Kiingereza. Mlango unaweza kufunguka wenyewe. Meli inaweza kuzama yenyewe. Kwa nini nyumba haiwezi?"

Nikamjibu jibu la waliojifunza peke yao: ndivyo walivyo Waingereza. Akaandika kwenye daftari, kwa adabu, kwamba ndivyo walivyo Waingereza.

Usiku ule sikulala vyema, wala si kwa ajili ya sarufi.

*

Masika ya mwaka ule yaliipiga nchi nzima. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliarifu Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamefariki, 236 wamejeruhiwa, na nyumba zaidi ya 10,000 zimeathirika. Huku kwetu mwenye habari alikuwa Lumemo. Ni mto mdogo ushukao kutoka milima ya Udzungwa. Wakati wa kiangazi watoto huuvuka huku wamebeba viatu mkononi. Mito ya namna hiyo, mingi isiyo na jina nje ya vijiji vyake, ndiyo inayoukuza mto Kilombero, nao Kilombero ukaukuza Rufiji kwa zaidi ya nusu ya maji yake. Mgeni anayeliona bonde letu kutoka juu ya reli ya TAZARA huona tambarare ya mpunga iliyotulia. Mwenyeji huona sahani, na anajua sahani kazi yake ni nini.

Maji yalipopungua, ilitakiwa orodha ya waliopata hasara iandikwe kwa Kiingereza, kwa ajili ya wafadhili fulani wa mbali ambao sitawataja. Nikaitwa mimi. Nikawekewa meza chini ya mwembe, nikapewa karatasi zenye mistari tayari, na watu wakaja mmoja mmoja kusema yaliyowafika. Wakasema kwa Kiswahili, wengine kwa Kindamba na Kimbunga wakifasiriwa na watoto wao: nyumba imebomoka. Ukuta umeanguka. Mpunga umeoza. Choo kimetitia. Godoro limeharibika. Mbuzi kapotea.

Yasikilize tena maneno hayo, msomaji, nami nilipaswa kuyasikiliza siku ile. Hakuna hata moja lenye mtendaji. Nyumba imebomoka, haikusemwa imebomolewa. Lau mtu angesema imebomolewa, mwembe mzima ungegeuza shingo, kwa maana nchi hii kubomolewa nyumba ni habari nyingine: ni alama ya X ya rangi nyekundu ukutani, ni katapila, ni bomoabomoa ya Kimara ya mwaka 2017 barabara ilipotanuliwa, ni mjadala wa nani alipwe fidia na nani alijenga mahali pasipo pake. Herufi moja au mbili mwishoni mwa kitenzi, nasi tunajua kama mtu atafutiwe turubai au atafutiwe wakili.

Ile karatasi lakini haikuwa na nafasi ya imebomoka. Ilikuwa na neno moja lililochapwa, "destroyed", na mbele yake "by", na mbele yake mstari mtupu. Kitenzi hicho, nilivyokuja kuelewa baadaye, ni cha mtendwa na mtendaji. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kale ni kujenga kinyumenyume, kuondoa lililopangwa juu ya jingine. Na pasipo na aliyejenga hapana budi pawepo aliyejengua. Unaweza kumficha mtendaji nyuma ya "was", lakini kivuli chake kinabaki mlangoni, na kila asomaye ana haki ya kuuliza: na nani?

Basi nikajaza. Nikaandika: na mto Lumemo. Karatasi ya kwanza, Lumemo. Ya pili, Lumemo. Kufikia alasiri nilikuwa na karatasi thelathini na ushei, na katika zote mshitakiwa ni mmoja.

Karibu na mwisho alikuja mama mmoja mjane, jirani yangu, aliye na umri wa mama yangu mzazi lau angekuwa hai. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba. Akasema nyumba imebomoka, upande wa jikoni kwanza, kisha chumba, kisha paa likakaa juu ya tope kama kofia. Nikaandika. Alipomaliza akaniomba nimsomee nilichoandika, jambo ambalo kabla yake hakuna aliyeliomba. Nikamfasiria neno kwa neno: nyumba yako iliharibiwa na mto Lumemo.

"Mimi sikusema hivyo, mwanangu."

Nikamwambia ndivyo karatasi inavyotaka.

"Mto haukunifuata. Marehemu alipojenga, mto ulikuwa kule, unauona ule mgomba? Kule. Tukalima hadi kwenye maji. Nami nililima, usiniangalie hivyo, watoto walikula. Na huko juu wamelima. Mchanga ukajaa, mto ukakosa pa kulala. Sasa unaandika mto umeniharibia. Mto ukija kukusikia?"

Wapo waliocheka. Nikamuuliza, basi niandike nani?

"Mimi nimesema nyumba imebomoka. Nani kabomoa, hilo andika wewe unayejua kusoma."

Sikuandika tofauti. Karatasi zilikuwa zinangojewa, gari lilikuwa linawashwa. Nikalibana lile jina la Lumemo kwenye mstari, nikaziweka karatasi katika bahasha. Ndiyo maana swali la binti wa Kikorea lilinikuta nimekwisha kuulizwa.

*

Siku ya pili alipokuja nilimwambia kwamba jibu langu la jana halikuwa jibu, na kwamba anieleze wao husemaje. Akafurahi; nadhani tangu aanze masomo hakupata kuulizwa. Kwao, alisema, kuna "busuda", kuvunja au kubomoa, na kuna "buseojida", kuvunjika, kubomoka. Kuna "muneotteurida", kuporomosha, na kuna "muneojida", kuporomoka. Akaviandika vyote kwa herufi zao, zile alizozitunga Mfalme Sejong na kuzitangaza mwaka 1446, ambazo kwa macho yangu kila silabi ni kijumba chenye paa na nguzo. Na lipo, akasema, neno la vitabuni lililotoka kwa Wachina, "pagoe", lenye maana ya maangamizi: ukilitilia "hada", ambalo ni kufanya, linakuwa kuharibu, ukilitilia "doeda", ambalo ni kuwa, linakuwa kuharibika au kuharibiwa, vyovyote upendavyo.

Vyovyote upendavyo! Nikamwambia hebu arudie. Wakorea walioko upande ule wa dunia, wasio na ukoo wowote na Wabantu, wameketi na sisi mkeka mmoja katika jambo hili, na Mwingereza amesimama nje akiuliza nani. Nikamwonyesha vyetu: vunja na vunjika, bomoa na bomoka, haribu na haribika, teketeza na teketea. Nikamwonyesha hata mchezo wetu wa kugeuza tendo kinyume, ziba na zibua, funga na fungua, panga na pangua, na dhana yangu ya miaka mingi kwamba bomoa ni boma lililofunguliwa. Dhana hii wanaisimu hawajanithibitishia, nami sijawauliza kwa kuogopa jibu. Haribu, nikamwambia, tuliletewa na Waarabu, na wazee wa Unguja niliowakuta bado walikuwa wakilitamka kwa kha ya kooni, likasikika kama kitu kinachokwaruza ukutani. Lilipofika kwetu tulilivisha -ika kama tulivyozivisha nyingine, na tangu hapo limejua kutokea pasipo mtu.

Hapo ningeweza kukomea, nikaisifu lugha yetu kwa upole wake, nikatunga shairi. Nilikwisha hata kuanza ubeti. Binti ndiye aliyeniharibia, na hili namshitaki kwa jina la mtendaji waziwazi.

Alinisimulia kwamba mwaka aliozaliwa yeye, tarehe 29 Juni 1995, duka kubwa la ghorofa liitwalo Sampoong, mjini Seoul, liliporomoka na kuua watu 502. Mwaka mmoja kabla, Oktoba 1994, daraja la Seongsu juu ya mto Han lilikuwa limeporomoka na kuua 32. Mama yake akizungumza habari hizo hutumia neno lilelile, "muneojida", liliporomoka. Lakini Wakorea hawakuachia hapo. Ilibainika kwamba jengo lile liliongezewa ghorofa lisilostahili, nguzo zikapunguzwa unene, mitambo mizito ya ubaridi ikawekwa juu ya paa, na asubuhi ya siku ile nyufa zilionekana na wenye duka hawakulifunga. Mwenye mali alifungwa, na maofisa waliokula rushwa walifungwa. "Kwa Kikorea liliporomoka," akasema, "lakini mahakamani waliliporomosha."

Nikaufuta ubeti wangu.

Kwa maana nami nazijua -ika nyingine, na nyinyi mlioko visiwani mnazijua. Fedha za ushirika zimepotea. Mashine imeharibika. Faili halionekani. Katika nchi ambayo vitenzi vinaweza kutembea bila mwenyewe, wapo wanaojua sana kupanda vitenzi hivyo na kwenda navyo mbali. Na angalia wakati gani tunamkumbuka mtendaji: bonde letu lilipoingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu kwa dunia, nilianza kusikia mikutanoni neno "waharibifu wa mazingira", na kila lilipotamkwa lilikuwa na watu ndani yake, mkulima wa mpunga na mfugaji. Mharibifu ana jembe. Anayepoteza hana hata kivuli. Yule mama mjane alikuwa amekaa katika mikutano hiyo. Bila shaka ndiko alikojifunza kusema "nami nililima" kabla hajaulizwa.

Hata historia tumeisimulia hivyo mara nyingine. Bonde hili liliingia katika vita vya Majimaji. Agosti 1905 Wapogoro na Wambunga waliishambulia ngome ya Wajerumani pale Mahenge. Yaliyofuata, bibi yangu aliyasimulia kama alivyosikia kwa mamaye: vijiji viliteketea, maghala yaliteketea, njaa ikaingia. Viliteketea! Vilikuwa vimeteketezwa, kwa amri, na watu waliojua kwamba aliyeshindikana kwa risasi hushindwa kwa njaa. Bibi hakuwa akiwatetea Wajerumani. Nadhani alisema viliteketea kwa sababu aliyeona moto ule aliuona moto, hakuiona amri.

Nami nilipokuwa Malindi nilikuwa nikipita mbele ya Beit al-Ajaib kila siku nikiwa na gunia begani, na mzee mmoja mchukuzi mwenzangu akapenda kunionyesha pahala palipokuwa na Beit al-Hukm, lililoharibiwa tarehe 27 Agosti 1896 na manowari za Waingereza katika vita visivyofika saa moja. Hapo hata Kiswahili husema liliharibiwa, na mtendaji ana bendera. Beit al-Ajaib lenyewe lilibaki limesimama, hadi tarehe 25 Desemba 2020 lilipoporomoka sehemu yake na watu wawili wakapoteza maisha. Liliporomoka: ndivyo nilivyosikia kwenye redio huku Lipangalala, nikakaa kitako. Jumba la mwaka 1883, chumvi, mvua, miti ya zamani. Niliposikia sikumuuliza mtu nani kaliporomosha. Nilipokuwa nikimsimulia binti yule, baada ya Sampoong yake, niliona aibu kwamba sikuuliza.

Basi ni kipi bora? Sijui kama ni swali la ubora. Ninachojua ni kwamba kitenzi kile cha Kiingereza kinauliza swali zuri na hakijali kama unalo jibu la kweli, nacho kikikukuta na haraka utakijazia mtendaji aliye karibu, hasa akiwa hawezi kujitetea. Mto hauwezi kujitetea. Mimi mwenyewe sikumsema uongo mtu yeyote siku ile chini ya mwembe, nilifuata mistari. Lakini katika bahasha ile mlikuwa na ushahidi wa kaya thelathini na kitu kwamba Lumemo ulifanya peke yake, bila jembe, bila mchanga, bila shoka huko juu, bila anayegawa viwanja, na ushahidi huo niliutunga mimi.

*

Nikaenda kwa yule mama. Alikuwa akiishi kwa mdogo wake, akifyatua matofali polepole, safari hii ya kuchoma, kwenye kiwanja kilichoinuka kidogo upande wa pili wa njia. Nikamwambia nataka kuiandika upya karatasi yake. Akasema karatasi si imekwisha kwenda? Nikamwambia imekwenda, lakini wanataka nyingine ya pili, ya kuthibitisha, na hilo lilikuwa kweli, maana wafadhili hawachoki karatasi. Binti wa Kikorea alikuja nami, amebeba daftari.

Tulikaa juu ya matofali watu watatu tukitafuta sentensi. Nilipendekeza "the house collapsed", ambalo ni neno jema, kubomoka hasa, halimdai mtu. Lakini karatasi ilikuwa na visanduku viwili tu, "destroyed" na "damaged", na karani alikwisha kunirudishia ya mtu mwingine kwa kuandika nje ya visanduku. Nikatia alama kwenye cha kwanza. Nikaifikia "by" na mstari wake. Nikasema, Mama, hapa wanauliza nani, na mto umeukataa. Niache wazi?

Akafikiri. Akasema ikiachwa wazi watadhani hajui kitu, wampe bati chache. Akauliza mstari wenyewe una urefu gani. Nikamwonyesha. Akasema, "Andika Aprili."

Nikaandika. Binti alisoma, akaguna, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba katika mtihani wao sentensi hiyo ingekuwa na maana nyingine: kwamba Aprili ilipofika nyumba ilikuwa imekwisha kuharibika. Nikamfasiria mama.

"Ndiyo," akasema. "Ilikuwa imekwisha."